Mgonjwa wa Mfano

Kompyuta ya mhandisi ilikuwa imezimwa, tena waya umechomolewa, lakini ilikuwa inahema.

"Unasikia?" mhandisi akamuuliza Kipara, mwenzake wa meza ya pili.

"Nisikie nini? Njaa yangu?" Kipara akacheka. Mara naye akasikia, kicheko kikamkauka mdomoni. Zilikuwa pumzi ndogondogo, za haraka, za mtoto aliyelala na homa.

Mhandisi alizijua pumzi hizo. Jamani, angeacha kuzijua vipi? Mwanawe alikufa akiwa na miezi saba, mapafu yamemshinda, na yeye mama mtu kashika kidole chake tu. Alipomaliza kulia, au tuseme alipochoka, alirudi kazini kuunda modeli ya mashine ya kupumulia watoto. Alitumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine: unaandika pampu, unaandika bomba, unaandika mgonjwa, unaviunganisha, na kompyuta inakuonyesha mfumo mzima utakavyofanya kazi kabla hata skrubu moja haijakazwa. Mgonjwa wa mfano huwa ni namba za kubuni. Yeye aliweka za mwanawe, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo kichwani usiku na mchana. Na maktaba ilipomwonya kwamba njia ya kutolea pumzi haijaunganishwa na kitu, alilinyamazisha onyo akaendelea. Hakutaka pumzi zile ziwe na mwisho.

Tangu siku pumzi hizo ziliposikika chumba kikawa kinanuka maziwa ya mtoto. Wenzao wakahamia ghorofa ya chini mmoja mmoja, visingizio tele. Kipara, Mungu ambariki, hakuhama. Alikwenda kumleta shangazi yake, mganga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Mganga alisimama mlangoni, akanusa. "Wapi ulipoacha wazi?"

Mhandisi akaiwasha kompyuta, akamwonyesha mstari ulioishia hewani.

"Basi ndipo alipoingilia. Jini hana chake, huvaa kilichoachwa. Mfute mgonjwa huyo kwa mkono wako mwenyewe."

"Nikimfuta atakufa tena, shangazi."

"Huyo siye. Na akikaa atakunywa pumzi zako mpaka ukauke. Hebu jitazame midomo ilivyopauka."

Kipara aligeukia ukutani. Mhandisi akaweka kidole juu ya kitufe, na papo hapo zile pumzi zikaongezeka, zikatoka kwenye skrini, zikatoka kwenye droo na kwenye kuta, zikampanda shingoni zikiwa na joto na ile harufu ya maziwa, mpaka yeye mwenyewe akawa anahema nazo sawasawa bila kutaka, na katikati ya kuhema kule ikatoka sauti nyembamba, karibu kabisa na sikio lake.

"Mama."

Mganga akamdaka mkono. "Usiitike! Mwanao alikuwa anajua kusema?"

"Hapana," akajibu huku analia. "Hakufika kusema."

"Basi umeshajua. Bonyeza."

Alijua. Wallahi alijua, wala hakuna aliyemdanganya. Lakini neno hilo alilisubiri tangu mtoto akiwa tumboni, na hakuna mdomo mwingine duniani uliobaki wa kumwita hivyo. Akaondoa kidole, akalaza shavu kwenye skrini.

"Sema tena," akanong'ona.