Bado Vibichi

Mvua ya siku hiyo haikupiga hodi. Ilishuka mchana kweupe, na watu wote waliokuwa wakipita mtaa wa vifaa vya umeme wakakimbilia ndani ya jengo la maduka, wakabanana vibarazani kama njugu ndani ya ganda. Mvua ilinyesha lakini joto halikupungua hata chembe. Mashati yaligandana na migongo, miwani ikaingia ukungu, na kila mtu akawa anajipepea kwa alichonacho mkononi.

Aliyefaidi ni Fundi Feni. Hivyo ndivyo alivyoitwa na jengo zima, kijana mrefu wa miaka thelathini na ushei, shati la buluu lililopauka mabegani, bisibisi kaichomeka nyuma ya sikio. Meza yake ilikuwa karibu na mlango, na juu yake mafeni yalizunguka mchana kutwa, mazima kwa mabovu. Alikuwa akiinamia moja lililokuwa likikohoa ndipo aliposikia sauti sakafuni: ko, ko, ko.

Alidhani ni viatu vya mchuchumio. Alipoinua macho alimwona dada mmoja kabeba baiskeli begani kama mtu abebavyo mkoba. Jezi ya njano ilikuwa imemshika mwilini, kofia ngumu kichwani, matope mpaka magotini. Miguuni alivaa viatu vyeupe vyenye soli ngumu na kibati cha chuma chini yake, vile vinavyong'ata pedali. Kila alipokanyaga, maji yalibubujika kwenye vifundo.

"Habari yako, kaka. Naomba feni ndogo kuliko zote ulizonazo."

"Joto limekuzidi, dada?"

"Joto nimelizoea. Ni ya viatu."

Fundi alidhani mvua imemziba masikio. "Ya nini?"

"Ya viatu! Vinalowa kila siku, na havikauki. Nimeviweka juu ya bati, gundi ikaanza kuachia. Nimeviweka nyuma ya friji, vikaota kuvu. Jana nimevisogeza karibu na jiko, mama akanitoa nje mimi na viatu vyangu. Kasema jiko lake si la kukaangia soksi."

Waliojikinga mvua waliangua kicheko. Yule dada naye akacheka, na mwanya wake ukaonekana, na Fundi Feni akasahau kabisa lile feni lililokuwa likikohoa.

"Vua," akasema.

"Nivue nini?"

"Viatu, dada. Mbele za watu wote hawa nitakuambia uvue nini kingine?"

Alivipokea kwa mikono miwili. Alichomoa soli za ndani, akalegeza mikanda, akavuta ulimi wa kila kiatu mpaka mdomo ukafunguka wazi, kisha akachana gazeti kuukuu, akalifinyanga mabonge na kuyashindilia mpaka kwenye vidole.

"Msimu huu jua linakudanganya tu," alisema huku akifanya kazi. "Hewa yenyewe imeshiba maji. Ukivianika mahali hewa imesimama, maji yatoke yaende wapi? Na moto ndio usithubutu, utapinda soli. Gazeti linanyonya, unalitoa, unaweka jingine. Halafu upepo. Upepo unaotembea ndio unaokausha."

Akavisimamisha mbele ya feni kubwa, visigino juu, midomo ikitazama upepo. Kutoka nyuma ya duka alitokea kaka yake mkubwa, mtu mnene mwenye uso wa bashasha, akitembea kwa magongo. Yeye ndiye aliyekuwa akisuka nyaya za mota. Alimtazama yule dada aliyekaa pekupeku juu ya kreti, akamtazama mdogo wake, akavuta hewa puani.

"Shemeji, karibu sana," akasema. "Harufu tutaizoea."

Ndivyo walivyoanza.

Yule dada alikuwa mkutubi kwenye maktaba iliyokuwa mitaa michache kutoka pale. Alfajiri alifanya mazoezi ya baiskeli na klabu yake, kisha akapitia kwa Fundi akiwa kwenye ndala, akaacha viatu vibichi pamoja na furushi la magazeti yaliyokwisha muda maktabani. Jioni alirudi kavaa gauni lake la kazini, nywele kazibana kwa kalamu, akavikuta vikavu. Katikati ya siku simu haikukosa.

"Fundi, wagonjwa wangu wanaendeleaje?"

"Wa kushoto keshapata nafuu. Wa kulia bado anatoa jasho."

"Umewapa dawa?"

"Nimewabadilishia gazeti. Nimewapa la michezo, la siasa liliwachafua tumbo."

Alicheka kwa kujizuia, maana maktabani hapachekwi. "Na daktari mwenyewe je, hajambo?"

"Daktari anaumwa. Dawa yake inatoka kazini saa kumi na moja."

Wakaanza kunywa chai pamoja. Chai ikazaa matembezi, matembezi yakazaa kushikana mikono, na masika yalipopamba moto Fundi alikuwa akimwita laazizi bila haya, hata mbele ya wateja.

Jambo moja tu hakumwambia. Miaka ya nyuma kaka yake alikuwa na miguu miwili mizima na pikipiki moja. Aliteleza kwenye mteremko wa darajani siku ya mvua. Fundi ndiye aliyeitwa kwenda kumtambua hospitali, na tangu siku hiyo lami iliyolowa haikuwa tena lami machoni pake. Kila Mkutubi alipochelewa asubuhi, Fundi alikuwa akiangusha skrubu ovyo. Alipofika salama, Fundi alitania, na woga akaumeza.

Siku moja Mkutubi aliingia na kiwiko kilichochubuka, macho yakimng'aa.

"Nimeanguka kidogo tu, usinitazame hivyo. Sikiliza habari! Jumamosi ni mchujo. Kocha anachagua timu ya kwenda kambini, kisha mashindano ya nje. Laazizi, nimelisubiri hili tangu nikiwa msichana!"

"Njia gani?"

"Tunapanda kilimani, tunashukia darajani."

Fundi alitabasamu kwa midomo.

Ijumaa jioni Mkutubi alikuwa na kazi ya kupanga vitabu vipya, hakuweza kupita. Akapiga simu. Nje mvua ilikuwa ikimwagika.

"Mpenzi, niambie vimekauka nije nikuibukie asubuhi na mapema."

Viatu vilikuwa juu ya meza. Fundi alivitazama. Alikwishapitisha mkono ndani, vilikuwa vikavu kama maganda ya karanga. Akamwona mtu mwenye jezi ya njano kalala chali chini ya mteremko.

"Bado vibichi," akasema.

"Bado? Tangu asubuhi?"

"Vinavuja maji, laazizi. Unyevu wa leo umezidi. Ukivivaa hivi utaumia. Ahirisha tu, mchujo mwingine utakuja."

Kisha akamsikia akihema, na baada yake kile kicheko chake cha kujizuia. "Pole, usijilaumu, umefanya uwezavyo. Nitabadilisha pedali, nivae raba. Niombee dua."

Simu ikakatika. Fundi akabaki kaishika, kinywa wazi. Angeweza kupiga tena. Alinyanyua kidole, akakishusha, akakinyanyua tena. Uongo ni kama skrubu iliyoingia upande, kila ukiikaza inazidi kuharibu. Hakupiga.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Mkutubi aliingia dukani akiwa na raba zilizojaa tope, uso umemshuka.

"Mguu uliteleza," alisema. "Mteremkoni, raba ikatoka kwenye pedali, nikayumba nusura niingie kwenye kingo. Mungu tu. Nikafunga breki, wakanipita. Wamechukua timu, nimekosa kwa mtu mmoja."

Fundi alishikilia meza. Alichokikimbia ndicho alichokuwa amemsukumia. Kaka yake alichungulia kutoka nyuma, hana habari.

"Pole, shemeji! Lakini kwa nini hukuvaa viatu vyako? Jana mchana nilivitoa mwenyewe mbele ya feni, vikavu kabisa."

Mkutubi alikivuta kiatu kimoja, akaingiza mkono mpaka kwenye vidole. Aliutoa polepole, akautazama mkono wenyewe.

"Uliniambia bado vibichi."

"Laazizi, niliogopa. Mvua, ule mteremko..."

"Ungesema unaogopa. Mimi ningekusikiliza. Pengine ningekwenda, pengine nisingekwenda, lakini ningechagua mwenyewe. Wewe ulichagua, halafu ukaniacha nikuambie pole." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. "Nimewasikia wengi wakiniambia baiskeli si ya mwanamke. Angalau wao waliniambia usoni."

Akachukua viatu vyake akaondoka.

Fundi alipiga simu, haikupokewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Dukani mafeni yalizunguka, lakini mahali mbele ya feni kubwa palibaki patupu, na kaka yake alikuwa akimtazama tu, mpaka siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Hivi, unamwogopea yeye au unajiogopea wewe?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Nilikutambua kwa viatu, kaka. Uso wako haukutambulika."

Kaka yake aliyaegemeza magongo ukutani, akaketi.

"Najua. Lakini niliyeanguka ni mimi. Kila siku nashukuru kwamba mdogo wangu yupo, ila magongo haya ni yangu peke yangu, usimvalishe mtoto wa watu. Nenda kamwambie. Na usiende na zawadi, utaonekana unahonga."

Alikwenda mchana, kavaa shati alilolipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Maktaba ilikuwa imejaa wanafunzi na wazee wa magazeti, kimya kama hapana watu. Mkutubi alikuwa nyuma ya dawati katika gauni la kijani. Alimwona, akarudisha macho kwenye kitabu.

"Unaazima au unarudisha?" alinong'ona.

"Nimekuja kusema ukweli."

"Rafu ya ukweli iko mwisho kule."

"Mkutubi, tafadhali!"

"Shhh!" Mzee mmoja aliinua kichwa kutoka gazetini.

Fundi akainama, akaanza kunong'ona. Alimweleza pikipiki, daraja, chumba cha hospitali, skrubu zinazomdondoka kila asubuhi. Hakujitetea. "Nilikudanganya," alimalizia, "na nilipopata nafasi ya kukupigia kukuambia kweli, nilikaa na simu mkononi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nisamehe. Na usiponisamehe, panda baiskeli yako hivyo hivyo."

Mkutubi alikuwa amefunga kitabu. "Mbona hukuniambia habari ya kaka yako? Mimi nilidhani alizaliwa hivyo. Nimemtania kuhusu magongo yale!"

"Ulimfurahisha. Wengine humwonea huruma."

Alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Bado nina hasira."

"Haki yako."

"Mmoja wa timu kaumia goti. Kocha anarudia mchujo Jumapili kuziba nafasi." Akamkazia macho. "Na mvua imetabiriwa."

"Njia ile ile?"

"Ile ile. Unasemaje?"

"Nasema naogopa mno." Akavuta pumzi. "Na nasema nitakuja. Nitatetemeka, lakini nitakuja."

"Shhhh!" akasema mzee wa gazeti. Kisha akaongeza, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Msamehe basi, binti, tuendelee kusoma."

Jumapili ilinyesha kama ilivyoahidiwa. Fundi alisimama chini ya mteremko bila mwavuli, kaka yake ubavuni. Wapanda baiskeli walitokea juu kama shanga zilizokatika uzi. Ile jezi ya njano ilikuwa ya tatu. Kwenye kona Fundi alitamani kufumba macho, hakufumba. Akaona jinsi anavyoinama, jinsi anavyoiachia baiskeli na kuikamata, magoti yametulia, viatu vyeupe vimeshika pedali bila kuteleza. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba yule dada hakuwa akicheza na kifo, alikuwa akifanya kazi anayoijua. Mkutubi alipowafikia pale walipo, akawa wa pili. Darajani akawa wa kwanza.

Kaka yake alirusha gongo moja hewani, likamwangukia kocha begani.

Mkutubi alirudi akisukuma baiskeli, ametapakaa tope, anahema. "Uliangalia?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Utakwenda kambini lini?"

"Wiki ijayo. Miezi mitatu." Akamtazama. "Utaningoja?"

"Sitaki kukungoja kama rafiki. Nataka kukungoja kama mchumba. Ukikubali, kesho niende kwa mama yako."

Mkutubi alicheka, safari hii bila kujizuia, mvua ikimwingia kinywani. "Nenda leo. Kesho utaogopa."

Walikwenda vile vile, wamelowa. Mama yake Mkutubi alifungua mlango, mwanamke mfupi mwenye kanga kiunoni na mwiko mkononi. Alimpima mgeni juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyemnyima mwanangu viatu vyake?"

Fundi alitazama chini, kisha akainua uso. "Ndiye mimi, mama."

"Na bado umekuja kunibishia hodi?"

"Nimekuja."

Mama aliitazama ile miguu minne iliyokuwa ikichuruzika maji sakafuni mwake. Akasogea pembeni ya mlango.

"Ingia basi," alisema. "Chai inapoa."