Dada Yangu Aliwaambia Nimerudi Kenya

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza huko Landover, Maryland, hapa Marekani. Wasomaji wenzangu, msiniambie nitulie. Nilitulia vya kutosha, na kutulia huko ndiko kulikoniponza!

Nilipoachana na mume wangu, nilihamia kwa dada yangu Lydia pamoja na binti yangu Neema, mwenye miaka minane. Mume aliikata laini yangu ya simu siku hiyohiyo. Nikawa silali, sili, najifungia bafuni kulia huku nimefungulia maji ili Neema asinisikie.

Nikaenda kwa daktari wetu wa familia kule College Park. Yule mama hakunicheka. Aliniuliza maswali, akajaza fomu, akanieleza kwamba kwa kipato changu bima ya serikali ingenilipia mshauri wa afya ya akili, nami nisitoe hata senti. Ofisi yake ingenitafutia mshauri na kunipigia simu, kisha mshauri angekuwa akimpelekea yeye ripoti ya maendeleo yangu. Wakaniomba namba. Nikawapa ya Lydia... Ningewapa ya nani mwingine? Ni dada yangu wa tumbo moja, alinibeba mgongoni!

Nikasubiri. Wiki, mwezi, miezi mitatu... Kila nikimuuliza Lydia, jibu ni lilelile: "Hawajapiga. Si nilikushow hao watu wa serikali ni wa kuzungusha tu? Wewe omba."

Nami, mjinga mimi, sikwenda kuuliza hata siku moja! Nililelewa kwamba daktari hasumbuliwi; ukiambiwa utaitwa, unakaa unangoja. Hata nilipopata laini yangu mwenyewe sikukumbuka kuwapelekea namba. Kazi yangu ikawa kumlaani daktari kimoyomoyo kwa kunisahau.

Nikazidi kuzama. Asubuhi nyingine nilishindwa kuinuka kitandani, Neema akakosa shule. Baba yake akasikia, akanishtaki katika mahakama ya Upper Marlboro akitaka apewe mtoto. Niliogopa, lakini nikajipa moyo. Si nilikwenda kwa daktari? Mimi mwenyewe nikaomba faili langu lipelekwe mahakamani. Nilijua litanitetea!

Wakili wa mume wangu akalisoma kwa sauti. Kliniki ilipiga simu mara tatu. Mara ya tatu, mtu wa familia alijibu kwamba mgonjwa amerudi Kenya na hataki tena matibabu. Faili likafungwa.

Niligeuka. Lydia alikuwa ameketi nyuma yangu, kaja eti kuniombea... Akainamisha macho.

Nilimkabili pale koridoni. "Nilikuwa nakuprotect!" alisema. "Wamama wa church wangejua, wangesema ati kwetu kuna wazimu!"

Kumbe! Kiongozi wa akina mama kanisani, anayewaombea wagonjwa kila Jumapili, alimwonea aibu mgonjwa anayelala sebuleni kwake! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja.

Hakimu akampa baba mtoto. Mimi nina wikendi mbili kwa mwezi.

Nilirudi kwa daktari nikiwa na namba yangu. Alinyanyua simu mbele ya macho yangu, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimeketi na mshauri. Wiki mbili tu! Nani atanirudishia miezi minane niliyopoteza?

Ndugu zangu, nawasihi, namba unayoiacha kliniki iwe yako. Kama huna, nenda kasimame pale dirishani uulize, na urudi tena kesho, wakuone msumbufu, wakuchoke! Usimkabidhi ugonjwa wako mtu anayeuonea haya.

Baba yake Neema alimweleza mtoto yaliyosomwa mahakamani. Sasa kila nikienda kumchukua, kabla hata hajafunga mkanda wa gari, ananiuliza: "Mommy, were you really gonna go to Kenya without me?"

Namwambia sikuwa naenda Kenya wala popote bila yeye. Wikendi inayofuata ananiuliza tena.