Ndoo Nyekundu ya Moshono

Asubuhi hiyo ya Juni 1996 ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeshuka mpaka Moshono, na Inspekta Manase alijiona kama anatembea usingizini. Mbele yake, kwenye chumba cha taka cha hospitali ya binafsi, palikuwa na ndoo nyekundu. Tupu.

"Ilikuwa na nini?"

Matroni Fransiska alimeza mate. "Mimba ya mgonjwa wetu Anjela iliharibika jana, afande. Miezi mitano. Kilichotoka tulikiweka humu, kichomwe leo. Sasa watu wanasema daktari kakiuza kwa mganga. Wako getini na mawe."

Hapo usingizi ukamruka. Hospitali za binafsi zilikuwa bado ngeni, watu wakizitazama kwa jicho la pembeni. Daktari angeuawa mchana kweupe.

Akakagua ndoo nyingine. Katika nyeusi, ya takataka za kawaida, alikuta karatasi iliyofungiwa khanga mpya. Katika ya njano, ya vitu vyenye damu, glavu mbili zilizovuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, kitaalamu kabisa. Loo! Mwizi gani huyu, pamoja na haraka zake, bado anatupa kila kitu kwenye rangi yake?

"Nani anachambua taka hapa?"

"Elinaza. Hajawahi kukosea."

Alimkuta nyuma, kwenye tanuri la kuchomea, moshi ukipanda taratibu na kupotelea ukunguni. Kucha zake zilijaa udongo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Khanga ulinunua ya nini?"

Elinaza akaficha mikono nyuma.

"Elinaza, watamuua daktari."

"Ya kumviringishia mtoto," alisema. "Nimemzika alfajiri, kijijini Kikwe, kwenye migomba ya mama. Sikumuuza. Mungu wangu, ningemuuzaje?"

"Kwa nini basi? Sheria unaijua."

"Mwaka jana na mimba yangu iliharibika, hapa hapa, Ijumaa. Jumatatu nikarudi kazini. Nilidhani wangu walishamchoma Ijumaa ile ile. Nikakuta mfuko mmoja ndani ya ndoo nyekundu, nikauchoma. Baadaye nikamwuliza nesi ulikuwa wa nani. Akaniangalia tu, akaanza kulia." Akatazama tanuri. "Nilimchoma mwenyewe, afande. Wa Anjela sikuweza."

Elinaza akanyoosha mikono afungwe.

"Pingu zitasubiri," alisema inspekta. "Getini nitasema mimi. Wewe nenda wodini kwa Anjela. Atataka kujua ni mgomba upi."