Vumbi Juu ya Kibodi

Mume wangu ni seremala, na vumbi la mbao halimpi raha. Kila asubuhi, kabla hajashika msumeno, huchukua kitambaa akapangusa meza, dirisha na kompyuta. Usafi ni jambo jema, lakini siku ile nusura utuumbue.

Mama mmoja alituagiza kiti cha mwanawe. Mtoto huyo alikuwa hawezi kukaa bila kushikiliwa, kwa hiyo kiti kilitakiwa kimtoshe sawasawa. Vipimo vya daktari vilikuja kwa barua pepe. Jana yake tuliviona kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo mbao ziko mezani, barua haipo!

“Umeifuta wewe,” mume wangu akaniambia.

“Mimi? Hiyo kompyuta leo hata sijaigusa. Usinisingizie, bwana! Angalia kwenye simu.”

“Simu haina kitu. Programu hii ya barua pepe ikishachukua barua, haiachi nakala mtandaoni. Ngoja niizime, niiwashe upya.”

“Usizime!”

Alikuwa jirani yetu, karani wa ofisi, amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua stuli yake.

“Shemeji, toa mkono hapo. Programu nyingine ukizifunga tu, zinamwaga vyote vilivyofutwa.”

Akafungua sehemu iliyoandikwa Taka. Jamani! Barua ilikuwemo, pamoja na nyingine kadhaa. Akairudisha mahali pake. Moyo wangu ukatulia.

“Sasa nani alizifuta?” nikauliza.

Karani akakitazama kitambaa begani kwa mume wangu. “Shemeji, huwa unaipangusa kompyuta ikiwa imewaka?”

“Kila asubuhi.”

“Basi kitambaa chako ndicho kinachobonyeza kitufe cha kufuta.”

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Si nilisingiziwa? Acha nicheke.

“Chagueni programu nyingine,” karani akasema. “Iwe inauliza kabla ya kufuta. Iwe inatunza vilivyofutwa kwa siku kadhaa. Na iache nakala mtandaoni, ili barua ile ile muione hata kwenye simu.”

“Tutajuaje kama ni nzuri?” mume wangu akauliza.

“Kiti kipya wewe unakijuaje?”

“Nakikalia kwanza.”

“Haya. Jitumie barua, ifute, kisha uirudishe. Ikirudi, ndiyo hiyo. Na kompyuta uizime kabla ya kuipangusa. Kinga ni bora kuliko tiba.”

Tulijaribu mbili. Ya kwanza ilifuta bila hodi, tukaiondoa. Ya pili iliuliza, na barua ikarudi bila shida. Tukabaki na hiyo.

Kiti kilipokwisha, yule mama alikuja na mwanawe. Akamkalisha. Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Mtoto akabaki amekaa wima, anacheka.

Mume wangu akachukua kitambaa chake, akajipangusa macho.

“Vumbi,” akaniambia.

Safari hii sikubishana naye.