Mgomba wa Bibi Yudith

Koleta alipenda maua kupita kiasi, na sisi majirani zake wa Same tulimcheka waziwazi. Mji wenyewe mkame, maji ya bomba yanakuja yakijisikia, halafu mtu anamwagilia mawaridi! Yeye wala. Alikuwa akiotesha miche kwenye makopo ya rangi, anaipanga kando ya barabara, na wenye magari walisimama wakanunua. Aliposikia kwamba kule juu Chome kuna bustani ya zamani inayofunguliwa kwa wageni kila Jumamosi, hakumpa mumewe Gadiel raha mpaka akaazima gari.

Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, na hii mama mkwe aliilinda kama yai. Koleta mwenyewe hakutaka kitu kingine duniani ila kumpakata mtoto wake mwenyewe.

Walifika mchana kweupe. Aliyewapokea ni Elinaza, mama wa makamo mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Bustani aliachiwa na shangazi yake, marehemu Bibi Yudith, mwalimu wa shule ya misheni, aliyeanza kuipanda akiwa msichana na hakuacha mpaka alipozikwa. Kulikuwa na mawaridi yaliyopanda ukuta wa mawe, mayungiyungi, na maua ya bluu yenye vichwa vikubwa kama vya watoto wachanga. Mfereji mdogo ulishuka kutoka msituni na kupita katikati. Koleta alitembea mdomo wazi. Kwake hapo palikuwa peponi.

Elinaza alikwenda kuchemsha chai. Gadiel alibaki ukutani akipiga picha kwa simu. Koleta akaufuata mfereji hadi pembe ya chini, ambako masale, mimea ya kuwekea mipaka, yalikuwa yamepandwa duara kama uzio. Ndani ya duara kulikuwa na mgomba. Ajuza mmoja alikuwa ameinama chini yake, akipalilia kwa mikono.

"Shikamoo, bibi."

Ajuza hakuitikia. Aling'oa jani, akaliweka kando, akang'oa jingine. Kisha akauliza kwa Chasu, lugha ya Wapare, taratibu, bila kugeuka.

"Kitovu cha huyo mtoto mtakizika wapi?"

Swali halikumshtua Koleta. Amekulia milimani, anajua kwamba kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa chini ya mgomba wa nyumbani, na tangu hapo mgomba ule ni wake na pale ndipo kwao. Wazee huwauliza wajawazito hivyo hivyo, kama wanavyouliza habari za kazi.

"Bado hatujaamua, bibi. Tumepanga chumba mjini, hatuna migomba."

"Hapa pana maji. Kizikeni hapa."

Koleta alifundishwa tangu utotoni kutobishana na mzee. Unakubali, unashukuru, unaondoka zako, ukifika mbele unafanya unavyotaka. Akafanya hivyo hivyo.

"Sawa, bibi. Asante. Tutakizika hapa."

Ajuza akageuka, akatabasamu. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mweusi, mbichi, hadi kwenye viwiko.

Wakati wa chai Koleta aliwasimulia, akicheka. Elinaza hakucheka. Alitua birika chini.

"Bibi gani?"

"Yule anayepalilia mgomba."

"Pale hapapaliliwi." Sauti ya Elinaza ilikuwa imeshuka. "Magugu yenyewe hayaoti. Shangazi hakujaliwa mtoto. Aliupanda ule mgomba siku alipoolewa, akausubirisha kitovu cha mwanawe. Uzeeni aliwasihi wakunga wampe kitovu cha mtoto wa mtu yeyote, wakakataa. Na ule mgomba haujawahi kutoa mkungu hata mmoja." Akamsogelea. "Ulimjibu nini?"

Koleta alitazama kikombe chake.

"Sikumjibu kitu," akasema.

Aliogopa, na kwa sababu ya woga akadanganya. Njia nzima ya kushuka alikaa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, na Gadiel akidhani ni mashimo ya barabara.

Akajifungua salama, mtoto wa kike, mzima, mwenye kilio kikali. Wakamwita Careen. Mama mkwe alipiga vigelegele wodini hadi muuguzi akamnyamazisha.

Asubuhi ya pili wakamfungua khanga ili wamwogeshe.

Kitovu hakikuwepo.

Hakukuwa na kibanio. Hakukuwa na kidonda. Tumbo lilikuwa limefunga, kavu, safi, kama la mtoto anayetambaa. Mama mkwe alikung'uta khanga, akakung'uta shuka, akapiga magoti na kutazama chini ya kitanda. Muuguzi akaja, akamgusa mtoto tumboni kwa kidole kimoja.

"Nilikibana mwenyewe jana," alinong'ona. "Hiki ni kitovu cha siku nyingi."

Mchana simu ya Koleta ikaita. Alikuwa Elinaza, ambaye walipeana namba siku ile ya bustani.

"Umejifungua?"

"Nani kakwambia?"



"Mgomba umetoa mkungu."

Usiku ule Koleta alimweleza mumewe kila kitu, akilia. Gadiel hakumlaumu. Mtoto alipopata nguvu ya safari, walipanda tena Chome wote watatu, na jembe ndani ya gari.

Chini ya mgomba kulikuwa na kituta kidogo. Kimesawazishwa vizuri. Kimemwagiliwa. Elinaza aliapa kwamba si yeye.

Gadiel akapiga jembe. Careen akalia.

Akapiga tena. Kilio kikakatika.

Kwenye shimo kikaonekana kibanio cheupe cha hospitali. Gadiel akainama akichukue.

"Acha!" Koleta alipiga kelele. "Gadi, acha! Hapumui!"

Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi. Gadiel alitupa jembe na kuurudisha udongo kwa viganja, haraka haraka, akiushindilia. Udongo ulipojaa, Careen alivuta pumzi. Moja. Nyingine. Kisha akalala, ametulia kabisa.

Koleta alielewa hapo kwamba hataweza kukichukua kile kitovu. Alipiga magoti kwenye masale, mtoto kifuani. Anayekwenda kumwomba mzee huanza na salamu, naye akaanza na salamu.

"Shikamoo, bibi. Nakuomba uniachie mwanangu."

Upepo haukuwepo. Jani moja la mgomba likasogea, kama mtu aliyepisha njia.

"Marahaba," sauti ikajibu.

Mengine hakuambiwa.

Careen sasa anatembea. Ni mzuri, mchangamfu, hajawahi kupata hata mafua, na wenye watoto wanamwonea Koleta wivu. Makopo ya miche aliyatupa yote. Barazani kwake hakuna ua hata moja, na udongo wa mtaa wetu, kama mnavyojua, ni mwekundu mtupu.

Hata hivyo kila asubuhi, kabla mtoto hajashushwa kitandani, Koleta huchukua beseni na kumsafisha kucha. Ndani ya kucha hizo mna udongo mweusi, mbichi.