Miezi Mitatu ya Babu Kibwana

Kila asubuhi Mwanaheri aliamka kabla ya jogoo wa bibi yake, maana jogoo yule alikuwa mvivu, akiwika saa nne wakati watu wameshachoka na jembe. Aliteka maji, akafagia uwanja, akala magimbi ya jana kwa chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, kisha akateremka mlima kwenda shule. Njiani alivuka daraja la magogo. Zamani lilikuwa na magogo manne. Masika yalikuwa yamechukua mawili, na mawili yaliyobaki yalikuwa yameoza kiasi kwamba hata kenge akifika pale alisimama kwanza, akafikiri.

Ilikuwa mwaka 1996, katika kijiji cha Lukwenzi, kwenye miteremko ya Uluguru. Malori ya wafanyabiashara yalipanda kutoka mjini kununua ndizi na kabichi, redio zilikuwa nyingi, vyama vya siasa navyo vingi. Hata kwenye ratiba ya darasa la tano, neno "Siasa" lilikuwa limefutwa, pakaandikwa "Uraia". Ila somo lenyewe liliendelea kuimbwa kama zamani.

"Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika..." kiranja aliongoza.

"Kila miezi mitatu!" darasa liliitikia, na kunguru wote wakaruka kutoka kwenye bati.

Mwalimu Paskalia, aliyehamia hapo karibuni kutoka Mafiga mjini, alisikiliza kwaya hiyo wiki mbili nzima. Wiki ya tatu aliweka chaki mezani.

"Mnaimba vizuri. Kwaya ya kanisani kwetu haiwafikii. Sasa niambieni, mkutano wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho?"

Kiranja aliitazama ratiba ukutani, kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Basi nendeni mkaulize. Ulifanyika lini, na watu waliamua nini. Ijumaa mnisomee."

Kengele ilipolia, Latifa alimpiga rafiki yake Mwanaheri kikumbo. "Wewe umepona! Mwenyekiti wa kijiji ni babu yako. Jibu unalo jikoni kwenu."

Jioni Mwanaheri alimkuta Babu Kibwana barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilishakusimulia siku niliyombebesha chui mkungu wa ndizi mpaka Mikese?"

"Ulinisimulia, babu. Mara ya kwanza alikuwa paka."

"Amekua," alisema babu bila kupepesa macho.

"Babu, mkutano wa kijiji ulifanyika lini?"

Ghafla babu akaanza kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. "Aa... mvua, mjukuu wangu. Mvua zilikuwa nyingi."

"Mwambie mtoto ukweli!" sauti ya bibi ilitoka jikoni. "Mwaka na nusu hajaitisha mkutano. Anamwogopa Mwinshehe."

"Mimi? Nimwogope Mwinshehe?"

"Si alikuuliza swali moja mara tatu mkutanoni, ukasema unakwenda kujisaidia, ukaja kulala hapa?"

Babu alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Zamani mwenyekiti akikohoa, watu wanapiga makofi," alisema polepole. "Siku hizi ukikohoa, wanakuuliza umekunywa nini."

Mwanaheri alimpenda babu yake kupita kiasi. Usiku ule hakutaka hata kuwaza wenzake wakimcheka mzee wake. Kwa hiyo Ijumaa alisimama mbele ya darasa, akasoma kwa sauti nzuri: "Mkutano ulifanyika mwezi uliopita. Watu wote walihudhuria. Waliamua kutengeneza daraja."

"Vema sana!" alisema Mwalimu Paskalia. Akatoa karatasi mkobani, akaichana. "Nilikuwa nimemwandikia mwenyekiti barua kuhusu daraja hilo. Kumbe wameshaamua! Mpigieni makofi."

Makofi yale yalimwasha Mwanaheri kama upupu, lakini akarudi kukaa.

Mchana, wakati wa kurudi nyumbani, Latifa alitangulia kuvuka. Gogo lilivunjika na Latifa akatumbukia. Kina mama waliokuwa wakifua walimdaka kwa kanga na kumvuta nje. Goti lilikuwa limechanika, na daftari zake zote zilikuwa zimekwenda na maji.

"Mwambie babu yako watengeneze leo," alisema huku meno yakigongana. "Si wameamua?"

Mwanaheri aligeuka, akakimbia kurudi shuleni, akamkuta mwalimu akifunga ofisi.

"Mwalimu, nilisema uongo. Hakuna mkutano. Latifa ameanguka mtoni." Kisha akalia hadi kwikwi zikamshika.

Mwalimu Paskalia alisubiri zitulie. "Kwa nini ulidanganya?"

"Sikutaka babu achekwe."

"Mh! Na mimi je? Daraja lile ninalivuka kila siku kwa magoti, lakini niliposikia jibu tamu nikachana barua yangu. Tumekosa wote wawili. Twende kwa mzee, ila utakayesema ni wewe."

Walimkuta babu akinywa chai. Mwanaheri alisema yote, neno kwa neno. Safari hii hakukuwa na hadithi ya chui.

"Ameumia?" babu aliuliza.

"Goti, babu."

Babu aliweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akatoka. Alianzia kwa kina Latifa kuomba radhi. Kisha akapita nyumba hadi nyumba akitangaza kwamba Jumapili alasiri kuna mkutano.

Watu walikuja wengi, wengine kwa mshangao tu. Darasa la tano liliketi mbele na daftari. Mzee Mwinshehe, mrefu kama mkaratusi, akasimama wa kwanza.

"Mwenyekiti, daraja litatengenezwa lini?"

Lilikuwa swali lilelile la mkutano ule wa mwisho. Babu alijifuta jasho. Akamtazama Latifa na goti lake lililofungwa kitambaa.

"Sijui," alisema. "Magogo hatuna. Niliona aibu kusema sijui, ndiyo maana siku ile nilikimbia."

Watu waliangua kicheko. Mwinshehe hakucheka.

"Ungesema hivyo siku ile, ningekwambia mikaratusi ninayo shambani kwangu. Nilikuwa naulizia siku ya kuileta!"

Walikubaliana Jumatano. Wanaume walikata na kubeba, kina mama walisomba mawe, na kabla ya jua kuzama daraja lilikuwa na magogo sita. Tembo wawili wangeweza kupishana pale bila kusalimiana.

Ijumaa, Mwalimu Paskalia alimkaribisha Babu Kibwana kwenye kipindi cha Uraia.

"Wanangu," alisema mwalimu, "tuliimba miezi mitatu, miezi mitatu, na hakuna aliyeangalia kama inatimia. Kuanzia sasa, tukisoma jambo humu darasani, tutakwenda kulitazama kijijini. Na kila mkutano tutakuwepo."

Babu alisimama, kofia mkononi.

"Mimi nililala mwaka na nusu kwa sababu hakuna aliyeniamsha," alisema. "Mjukuu wangu alinifunika kwa uongo kwa sababu ananipenda, na uongo huo ungeliacha daraja lilelile lililomwangusha mwenzake. Ukimpenda kiongozi wako, muulize. Na muwe wakweli hata mkiwa mnaogopa, kama alivyokuwa yeye aliporudi kwa mwalimu. Haya, nipo. Ulizeni."

Mikono arobaini na miwili ikainuka, wa Mwanaheri ukiwa juu kuliko yote. Babu Kibwana akavuta kiti, akaketi.