Afande Okeny Katika Mafunjo ya Lubigi

Gari lilianza kuelea saa tatu na nusu asubuhi. Wa kwanza kulitambua hilo alikuwa Mama Aoko, kwa sababu ndiye aliyekuwa nyuma, ameketi juu ya tairi la akiba, mkono mmoja kwenye jeneza la Sajini Okeny na mwingine umeng'ang'ania turubai. Alisikia matairi yameacha kulalamika. Barabara ya Kyebando hapa Kampala ikinyamaza chini yako, ujue hiyo si barabara tena.

Akagonga kioo. "Fabiano! Hii ni pikapu au mtumbwi?"

Fabiano dereva alikuwa anazungusha usukani, nao ulikuwa unazunguka vizuri kabisa, bila kumsaidia chochote. Kando yake Ogwang, mlinzi mwenzake Okeny, alikuwa ameshika dari kwa mikono miwili kana kwamba ndilo lililotaka kuondoka.

Kwa saa ile walitakiwa wawe wameshaipita Bombo, wanakwenda Kitgum, nyumbani kwao Okeny. Kaburi lilikuwa limechimbwa, na maziko ni kesho adhuhuri. Lakini Okeny alifia kazini, Jumanne, kwenye geti la ghala moja pale Bukoto ambako alikuwa mkuu wa walinzi miaka kumi na minne tangu atoke jeshini. Aliketi kwenye kigoda chake, akasema ngoja nipumzishe macho. Mama Aoko, mpishi wa walinzi, alipomletea chai, ikapoa mkononi mwake. Katika vurugu ya siku ile hakuna aliyekumbuka kupokea zamu, na jina la Okeny likabaki kwenye kitabu, yuko lindoni.

"Afande hawezi kusafiri akiwa zamu," Ogwang alisema asubuhi hiyo. Hakuna aliyebisha, walinzi ndivyo walivyo. Basi wakampitisha getini kwanza. Wenzake walijipanga kwenye mvua, Ogwang akatia sahihi, akapiga saluti, akasema, "Zamu nimeipokea, Afande. Pumzika." Wanaume wazima wakawa wanatazama viatu vyao. Dakika arobaini zikaenda hapo, foleni ikafunga kote, na Fabiano akaamua kushuka njia ya chini, kando ya mfereji wa Nsooba, atokee Baipasi. Heshima ilikuwa imefanyika. Sasa mfereji nao ukapasuka.

Maji yaliibeba pikapu ubavuubavu, yakaipitisha kati ya vibanda viwili vya mabati, yakaigonga kwenye nguzo, yakaigeuza, yakaitupa nje ya mji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Dakika moja kuna kinyozi na duka la chipsi, dakika inayofuata ni mafunjo tu, marefu kuliko watu wawili, kijani pande zote, na mvua inapiga kama mtu anayemwaga kokoto. Gari likazama pua, likasimama limeinama.

"Tokeni!" Ogwang alipiga kelele. "Dirishani!"

Yeye alitoka. Fabiano alitoka nusu. Mlango ulikuwa umekunjika pale ulipogonga nguzo, na bati lake lilikuwa limemchana paja kutoka nyongani hadi karibu na goti. Maji yaliyomzunguka yakageuka rangi ya chai ya rangi. Mama Aoko alifungua leso yake kiunoni, akashuka majini hadi kifuani, wakamvuta nje na Ogwang, akamfunga juu ya jeraha na kukaza kwa meno.

"Unaniua, Mama!"

"Ningekuua mwaka ule ulipokula nyama ya zamu nzima. Tulia."

Simu zilikuwa zimekufa. Redio ya Ogwang ilitoa sauti moja ya chura, ikanyamaza nayo. Na maji yalikuwa yanapanda. Jeneza lilianza kuinuka na kuivuta kamba kama ng'ombe asiyetaka kufungwa.

Hapo Mama Aoko akaogopa. Lamwaka, mke wa marehemu, alikuwa ametangulia kwa basi jana yake kwenda kuandaa nyumba. Kituoni alimshika Aoko mikono yote miwili. Kwao maiti haiachwi peke yake mpaka udongo uingie, lazima awepo mtu wa kuketi naye. "Watoto wangu wako mbali," alisema. "Wewe ndiye uliyekula naye kila siku. Nikabidhi wewe mwenyewe, mkono kwa mkono." Aoko akajibu, "Nitamwatamia kama kuku." Mjane akacheka na kulia pamoja. Sasa kuku huyo alikuwa kinamasini, na yai linaelea.

Mafundo ya kamba yalikuwa yamevimba. Akachomoa kisu chake cha kumenyea matoke, kinachokaa daima mfukoni mwa aproni, akakata. Jeneza likateleza likakaa juu ya maji, zuri, limenyooka. Ogwang alilishika upande wa kichwa.

"Tuelekee wapi?" aliuliza. Honi za malori zilikuwa zinasikika, karibu kabisa. Mahali fulani kipaza sauti kilitangaza dawa ya panya. Kampala nzima ilikuwa hapo, nyuma ya majani, inauza na kununua, nao hawaoni hata hatua tano. "Twende kwenye honi. Huko ni barabara."

"Honi ipi?" Mama Aoko alisema. "Mimi nasikia moja kulia, nyingine kushoto."

Ogwang akageuka, akageuka tena. Mvua ilikuwa imeficha jua. Akafuta uso.

"Afande alituambia nini kuhusu Kongo?" Mama Aoko aliuliza. "Si wewe ulikuwa naye huko vitani?"

Ogwang alichuma jani, akaliweka majini. "Watatu walifuata mlio wa bunduki zetu," alisema. "Msitu unarudisha sauti. Hatukuwaona tena. Yeye alitukataza. Akaweka jani kwenye kijito, akalitazama, akasema maji hayana sababu ya kutudanganya."

"Basi?"

"Maji haya yanakwenda katikati ya kinamasi cha Lubigi, kwenye kina. Tukiyakata ubavu, yatupige shavu la kulia, tutafika ukingoni kwenye mayuni." Mayuni ni magimbi wanayolima watu kando ya kinamasi, na penye mayuni pana udongo.

"Sasa umesema kama yeye."

"Lakini Fabiano hawezi kutembea. Nikimbeba, nani atamsukuma Afande? Wewe una kilo arobaini, Mama." Akaangalia pembeni. "Tumfunge hapa kwenye mafunjo. Tumtoe aliye hai, halafu nirudi. Naapa nitarudi."

Mama Aoko alitazama juu ya mafunjo. Kaloli mmoja, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, alikuwa ametua huko, amekunja mabawa kama karani, anasubiri. Maji yalimgusa Aoko kidevu. Yangepanda shubiri moja zaidi, mafunjo yote haya yangeng'oka na kuondoka, na kilichofungwa humo nacho.

"Hapana," alisema. "Huyu mtoto apande juu."

Fabiano, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, alizinduka. "Juu ya Afande? Siwezi! Siwezi kumkalia Afande!"

"Miaka sita umemkalia kichwani kwa uvivu wako. Leo ndipo umepata adabu?"

"Mama, ni mwiko."

"Najua ni mwiko. Nani amekuambia mimi sijui?" Sauti yake ilikwaruza. Akapiga mbao mara tatu kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. "Okeny. Mimi hapa, Aoko. Tunakuwekea mzigo, utusamehe. Ni Fabiano, yule mwenye mdomo. Ungekuwa na miguu ungembeba mwenyewe, usikatae."

Wakamlaza kifudifudi, mikono imekumbatia ubao. Jeneza likazama kiasi cha vidole vinne, likakubali.

Walikwenda hivyo kwa muda ambao hakuna aliyeupima. Ogwang mbele akipasua mafunjo kwa kifua, Aoko nyuma akisukuma, miguu yake mara inagusa tope, mara haigusi kitu. Mizizi ilimshika vifundo kama watoto wenye njaa. Majani yalikata mikono na nyuso. Nyoka mwembamba alipita juu ya maji, mbele ya pua ya Fabiano, akaendelea na shughuli zake. Kaloli aliwafuata kwa kuruka vituo vifupi.

"Mfanye aongee," Ogwang alisema bila kugeuka. "Asilale."

"Fabiano, Afande alikufanyia nini?"

"Alinifunga siku mbili..." Sauti ilitoka ndani ya ubao. "Nilikunywa nikiwa zamu. Angeniandika ningefukuzwa. Hakuniandika. Alinikalisha jikoni kwako nimenye vitunguu."

"Gunia zima. Nilidhani unalia kwa kutubu."

Fabiano alicheka, cheko likageuka kikohozi. Kisha mkono wake mmoja ukadondoka majini. Jeneza nalo lilikuwa limeanza kunywa. Aoko aliona mapovu yakitoka kwenye kona ya kifuniko, na vidole vinne vikawa vinane.

"Ogwang! Anazama!"

"Nani?"

"Wote!"

Ogwang alirudi nyuma, akaingiza bega chini ya jeneza, akasimama. Mzee wa miaka sitini na moja, mguu mmoja una chuma. Alipiga yowe, akapiga hatua, akapiga nyingine. Aoko alisukuma kwa kichwa, macho ameyafumba, mdomo umejaa maji ya Kampala yote. Na hatua iliyofuata ilikuwa ngumu. Ilikuwa udongo. Majani mapana ya mayuni yaliwafunika usoni.

"Banange!" mtu alisema kwa mshangao juu yao. Alikuwa mkulima mwenye gunia la plastiki kichwani, amekuja kuona mvua imemwachia nini. "Mko wangapi?"

"Wanne!" Mama Aoko alijibu.

Mtu yule alipiga kelele kwa Kiganda na watu wakaja na kamba. Walimtoa Fabiano kwanza, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, ikaondoka ikipiga honi kuelekea hospitali. Alikuwa anatukana, na hiyo ilikuwa dalili njema. Walimtoa Ogwang. Walimtoa Mama Aoko, ambaye hakuachia ubao wa jeneza, kwa hiyo wakavuta na jeneza. Mkulima alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akavua gunia, akavua viatu, akaanza kushuka kwenye mafunjo.

"Nyabo, mama yangu, umesema wanne. Huyo wa nne yuko upande gani?"

Mama Aoko alifungua mdomo. Maneno ya kuchekesha hayajawahi kumkosa tangu utoto wake. Aliusubiri mdomo wake useme, nao haukusema.

"Huyu hapa," alisema mwishowe, mkono juu ya jeneza. Kisha akalia, kwa sauti, ameketi matopeni, huku maji yakitiririka kutoka kwenye kona ya kifuniko na kurudi yalikotoka.

Mkulima alisimama majini hadi magotini. Akarudi pole pole, akashika upande wa kichwa. Watu sita wakainua.

Gari jingine lilipatikana saa tisa. Dereva alimfungulia Mama Aoko mlango wa mbele, akamwonyesha blanketi kavu. Yeye akapanda nyuma. Ogwang naye akapanda nyuma, wakaketi huku na huku, na wote wawili wakaweka mikono juu ya mbao.

"Mama Aoko," Ogwang alisema walipokuwa wanaingia barabara ya Bombo. "Sema kitu basi. Hata nitukane."

"Leo sina," alisema Mama Aoko.